Beseni la Bati

Barua ya halmashauri ilikuwa fupi:
taa ya njia panda ya nane inawaka ovyo.
Saa tisa usiku, siku kumi na moja mfululizo,
na mpira wa kuhesabu magari haujahesabu kitu.
Nenda. Kama kihisi kimeharibika, kibadilishe.
Kama ni kulungu, kipunguze makali.

Taa hiyo niliifunga mimi, Septemba,
malori ya ngano yakipita hata usiku wa manane.
Hapa Saskatchewan barabara zimenyooka kama mistari ya daftari,
zinakatana mraba kwa mraba, hadi macho yanapochoka.
Hakuna kilima, hakuna kona.
Ungedhani watu hawawezi kugongana
katika nchi tupu kiasi hiki.
Lakini giza likishika, SIMAMA ni kipande cha bati tu,
na wawili wanaokuja kwa mwendo mmoja
hawaonani mpaka waonane.

Ajali haina kinga, husema waliochoka kufikiri.
Mimi nililipwa nifikiri.
Kihisi kinakaa mita mia mbili kabla ya njia panda;
gari likipita, huiambia nguzo, nguzo huamka,
mwanga hutandikwa barabarani haraka haraka
kama shuka safi mgeni akibisha hodi.
Sekunde tisini. Kisha giza hurudi, nyota hurudi,
na Bwana Dubyk, ambaye dirisha lake linatazama huku,
hapati la kulalamikia.

Niliegesha mbali, nje ya jicho la kihisi.
Nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Chai ilipoa kabla sijaifikisha mdomoni.

Saa tisa na dakika nne taa ikawaka.
Hakuna injini. Hakuna kulungu.
Nikasikia kitu kinakwaruza theluji, kwaru, kwaru,
na ndani ya mwanga akaingia mwanamke
aliyevaa koti la kiume lililomzidi mabega,
akivuta beseni la bati kwa kamba ya kuanikia nguo.

Orysia Hnatiuk. Namfahamu. Aliwahi kunipima macho
nilipokuwa mtoto, shuleni, kwa ubao wa herufi.

Hakushtuka kuniona.
"Hii taa yako hainioni," alisema.
"Usiku wa kwanza nilipita mara nne, nikapunga mikono kama chizi.
Wa pili nikaja na ndoo. Ikakataa.
Beseni ndiyo ikalitambua."

Nikamuuliza anatafuta nini.
Akanyoosha kidole upande wa mashariki,
pale alama inaposimama, na theluji imekaa juu yake kama kofia.
"Lori lilikuwa pale. Taras alikuwa anatoka huku.
Nakuja nisimame alipokuwa, nitazame.
Na ona," akasema, "linaonekana. Lingeonekana.
Hata mimi na macho haya ningeliona."

Nilitaka kumwambia habari ya bajeti,
kwamba tuliomba miaka mitatu,
kwamba fomu ina safu ya idadi ya vifo
na bila kujaza safu hiyo karatasi haisogei mezani.
Nikanyamaza.
Taa ikazima. Tukasimama gizani, yeye na mimi,
nikisikia pumzi yake, na kamba ikiganda mkononi mwake.
Halafu akalivuta beseni hatua mbili,
na dunia ikawaka tena.

Nilipanda ngazi kukipambazuka.
Vidole vilikuwa mbao. Kazi ya dakika kumi ikala saa nzima.
Kisha nikaandika, kwa herufi kubwa, halmashauri isome vizuri:

*Kihisi ni kizima. Kasoro ilikuwa kwamba
hakikuwa kinawaona wanaotembea kwa miguu.
Kasoro nimeiondoa. Makali nimeyaongeza.*

Nilijitolea kumpelekea beseni nyumbani kwa gari.
Alikataa, akalibeba mwenyewe.
Akasema ni la kufulia, na leo ni Jumatatu.